Taa Niliyoizima

Riziki mwanangu,

Mambo ya nguo, ya chakula na ya dawa ya homa sitayagusa. Shangazi yako Mwanasha ameshakusomea orodha mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukiitikia "abee, abee" huku macho yako kwenye simu. Mimi naandika jingine. Nimekaa karakanani, alasiri, nyaya nimezisogeza upande wa meza, na mwenye pikipiki aliyekuja na taa yake nimemwambia arudi keshokutwa. Kesho asubuhi unapanda basi la Kisumu, nami mdomo wangu unajua kufoka kuliko kueleza. Karatasi haitanikatiza.

Umeninunia tangu jana, na sababu naijua. Ulirudi kutoka kuagana na wenzako ukamkuta shangazi yako anasimulia: limeletwa sanduku jipya la magurudumu, rangi ya zambarau, limebandikwa jina lako, na mamako amelirudisha lilikotoka bila hata kulifungua. Ukaniuliza limetoka kwa nani. Nikasema, kwa mtu. Ukaingia ndani ukafunga mlango.

Limetoka kwa Salmin, mwenye yadi ya magari kule Changamwe. Miaka kumi hajakanyaga mlangoni pangu, na jana alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, akatoa salamu kama jirani, akauliza hali ya babako, akauliza kama ni kweli binti yetu amepata kazi ya kukagua magari Kisumu. Nikamwambia ni kweli. Akasema huko ana wenzake wenye yadi, watu wema, watakuangalia usijione mgeni. Kisha akalisukuma lile sanduku kwa kidole kimoja, likaja lenyewe mpaka miguuni pangu.

"Zawadi ya mkaguzi wetu," akasema.

Neno "wetu" ndilo lililonitia moto. Nililishika sanduku kwa mpini nikalitoa nje mpaka kwenye gari lake, na nikamwambia, "Salmin, mwanangu si wenu. Mimi nilishakuwa wenu, najua panavyouma."

Sasa utasikia nilipoumia. Ungeyasikia huko kwa watu wake, na wao wangeianzia hadithi mwisho, pale ambapo mamako alifukuzwa yadini kama mwizi. Mimi nitaianzia mwanzo, na mwanzo wake si wa kujisifu.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Hamadi, aliyekuwa akitengeneza umeme wa malori pale Changamwe, karibu na matangi ya mafuta. Alipofariki nikabaki na mita yake ya kupimia umeme na wateja ambao hawakunitaka. Dereva alikuwa akishuka kwenye lori, ananiona nimelala chini ya dashibodi, anauliza fundi yuko wapi. Nikijibu ni mimi, anangoja apite mwanamume yeyote barabarani amuulize yeye. Wakati huo nilikuwa bora kuliko mafundi wote wa ule mtaa. Nilisema hivyo siku hizo na leo nasema tena, na asiyependa na aninunie pamoja nawe. Lakini sikia jambo moja nililolijua nikiwa nimeshachelewa: mtu aliyekataliwa muda mrefu hununulika kwa sifa. Hahitaji kingine.

Salmin alinisifu. Alikuwa wa kwanza kuniita Fundi Mishi mbele ya watu. Alinipa chumba ndani ya yadi yake, akaandikisha jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu, na mteja akifika na gari lililoshinda wengine alikuwa akisema, "Hili ni la Mishi, na Mishi halimshindi." Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo nikiwa ndani, na wallahi nilikuwa nikiacha kazi kidogo ili niyasikie vizuri.

Masika moja mvua ilinyesha vibaya, na jumba moja la kule Mkomani likajaa maji kwenye maegesho yake ya chini ya ardhi. Palikuwa na gari refu jeusi, viti vya ngozi rangi ya maziwa, milango inayojivuta yenyewe ukiirudisha. Lilikaa majini siku mbili, na maji yalifika juu ya viti: ya mvua, ya mtaro, na ya bahari iliyopanda kupitia mtaro huohuo. Watu wa bima waliliandika kuwa limekufa. Salmin akalinunua kama chuma chakavu, likaletwa yadini juu ya gari la kuvuta, maji bado yanachuruzika milangoni.

Wewe umesomea haya darasani, lakini acha nikuandikie kama nilivyoyajua mimi. Gari la namna ile halina kompyuta moja. Zimo nyingi, zimefichwa chini ya viti, chini ya zulia, ndani ya milango, ndani ya buti, na zote zinazungumza kwa nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea. Maji yenyewe hayaziui. Kinachoua ni yanachokiacha. Chumvi hubaki, umeme ukipita shaba inalika kidogokidogo, inaota kutu ya kijani, na gari linalotembea vizuri leo linaweza kuzimika baada ya miezi, mahali popote, na mtu yeyote ndani. Mimi nilijua hayo. Usije ukamwambia mtu kwamba mamako alidanganywa.

Nilianza vizuri. Betri niliing'oa kabla ya kugusa kitu, maana anayewasha gari lililozama ili aone kama litawaka, huyo ndiye anayeliua. Nilifungua masanduku ya kompyuta moja moja, nikayaosha kwa yale maji yasiyo na chumvi tunayotia kwenye betri, kisha spiriti, nikayakausha kwa feni. Watu husema kitie kwenye mchele. Mchele ni wa biriani. Siku ya tisa gari liliwaka, na yadi nzima ikapiga makofi.

Lakini chini ya zulia la gari lile pana sponji nene kama godoro la mtoto, na ndani ya sponji zinapita nyaya kubwa zote za sakafuni. Kuitoa kunataka ung'oe viti vyote, kisanduku cha katikati, na nusu ya dashibodi. Salmin alikuwa amenipa wiki mbili na msimu wa harusi unakuja. Niliinua pembe za zulia, nikakandamiza kwa mataulo, nikaacha milango wazi juani, kisha nikarudisha zulia na kulipaka dawa ya manukato. Pale katikati sikufunua. Sikufunua kwa sababu nilijua nitakachokiona.

Ikabaki taa moja. Ile nyekundu ya dashibodi inayosema kwamba mifuko ya hewa haitafumuka siku ya ajali. Kompyuta yake iko chini kabisa, katikati ya viti viwili vya mbele, na nilipoitoa ilimwaga maji kama kikombe. Nilimwambia Salmin hiyo haioshwi, inabadilishwa, na ni ya kuagizwa nje.

Akaniambia, "Mishi, sikukuuliza inataka nini. Taa ile izime."

Nikaizima. Nikaifunga kwenye waya wa taa nyingine, ziwe zinawaka pamoja na kuzimika pamoja kila gari linapowashwa, kama zinavyofanya kwenye gari zima, ili hata fundi akiangalia aone kila kitu kiko sawa. Ilinichukua robo saa. Na ukitaka kujua ubaya wake wote, nilijivunia. Nilisimama nikaitazama kazi yangu nikaona hakuna mwingine pwani hii angeifanya safi namna ile.

Aliyelinunua alikuwa Mzee Kitsao. Alikuwa dereva wa kreni bandarini maisha yake yote, amestaafu karibuni, akataka gari la kukodisha kwa maharusi. Alikuja na mkewe, Bi Dama, fundi cherehani wa Kisauni ambaye magauni ya nusu ya maharusi wa kule yalipita mikononi mwake. Mzee alilizunguka gari mara nyingi. Salmin alikuwa akimhesabia uzuri wake wote, lakini yeye akamwacha huko na maneno yake, akaja mlangoni pangu, akalisoma jina langu lile jekundu, akaniuliza swali moja tu.

"Fundi, gari hili ni zima?"

Riziki, nilikuwa na mita mkononi. Bi Dama alikuwa nyuma yake, anapapasa ngozi ya kiti kwa vidole, kama anavyopapasa kitambaa. Nilikuwa na nafasi.

"Taa zote zimezima, mzee wangu," nikamjibu.

Akacheka, akafurahi, akanishukuru. Nami nikajiambia sikusema uongo. Nimeishi na jibu hilo miaka kumi. Huo ndio uongo mbaya kuliko yote, ule unaouchonga mpaka uweze kuuapia.

Gari lilikwenda miezi mitano. Lilibeba maharusi, lilipigwa picha, nilikuwa nikiliona barabarani limefungwa riboni. Kisha mchana mmoja Mzee na mkewe walikuwa wakitelemka kutoka Changamwe kuelekea Kibarani, katikati ya malori ya makontena, na gari likazimika lote kwa pamoja. Dashibodi ikawa nyeusi, usukani ukawa mzito kama jiwe, gia ikajiachia. Mzee alijitahidi kulitoa kando ya barabara, lori la nyuma likamgusa, gari likapanda ukingo likaingia kwenye nguzo. Mfuko wa hewa haukufumuka hata mmoja. Mzee alivunjika mbavu. Bi Dama alitanguliza mkono wa kulia kujikinga, na mkono ukavunjika mahali patatu, kiganja na vidole.

Hawakuja kunilaumu. Hilo ndilo lililonivunja. Baada ya wiki kadhaa Mzee alilileta gari kwangu kwa kuvutwa, mwenyewe anatembea amejishika ubavu, akaniambia anataka kujua kilichotokea, na amenileta mimi kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyemjibu vizuri.

Alipoondoka nikafunua zulia. Miezi mitano, jua la Mombasa, na ile sponji ukiiminya bado inatoa maji. Nyaya za katikati zilikuwa zimeota kijani kibichi kama mwani, na mbili zilikuwa zimelika mpaka zikakatika. Nilikaa kwenye sakafu ya gari, mahali pa miguu ya abiria, pale alipokuwa amekaa Bi Dama.

Na bado, mwanangu, alipopiga simu kesho yake nilimwambia ni waya tu, bado natafuta. Siku tatu nilimwambia hivyo. Salmin alikuja akaona nilichofunua, akasema nifunike, watu hupata ajali. Babako nilimwambia ukweli siku ya pili. Alikuwa mlinzi wa ghala wakati huo, mshahara wake unaujua. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mishi, tuna mtoto. Nyamaza tule." Simlaumu. Alikuwa akisema ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalifanya.

Siku ya nne nilikwenda Kisauni. Nilimkuta Bi Dama kibarazani na cherehani yake, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, sindano ameichomeka kwenye mto wa kiti ili isimame, anajaribu kuitia uzi kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Sikuyasema. Niliangalia uzi ukikosa tundu, ukakosa tena, na mimi nikasema tu kwamba gari lilizama, kwamba nilijua, kwamba taa niliizima kwa mikono hii na mzee akaniuliza nikamjibu kijanja. Mzee Kitsao alikuwa ametoka ndani, akasimama mlangoni. Nilidhani wangenifukuza. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba huenda wangeniambia yamepita.

Bi Dama aliuweka uzi chini.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini hapa kwangu tuko watatu, na sisi wawili hatuuzi magari. Nenda ukayaseme pale pale ulipoyaficha, na wenye kununua wakusikie. Ukishayasema ndipo uje tuamkiane."

Nilirudi nikiwa nimekasirika. Naam, nimekasirika, mimi niliyemvunja mkono. Nilisema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Ilinichukua mpaka Ijumaa kukubali kwamba nilikwenda kwake ili yeye anitulize mimi.

Jumamosi yadi hujaa. Nilingoja mpaka Salmin awe katikati ya wateja wake, watu wamejaa baina ya magari, nikatoka chumbani kwangu nimeishika ile sponji mikononi, bado inachuruzika, nikaiweka juu ya boneti ya gari jipya kuliko yote. Sikupiga kelele. Nilisema jina langu, nikasema mimi ndiye fundi wa hapa, nikasema lile gari jeusi liliuzwa likiwa limezama, tukijua, na taa yake nikaizima mimi kwa amri ya mwenye yadi. Nikasema kama kuna aliyenunua hapa gari nililoligusa mimi, alilete nilifunue zulia bure.

Salmin aliinyanyua sponji kwa vidole viwili, akaitupa chini, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Ukitoka langoni leo, hakuna yadi itakayokufungulia."

"Basi nitafanya kazi barabarani," nikamjibu.

Nilichukua mita ya mjomba Hamadi na mkoba wangu. Sikubeba kitu chake hata bisibisi. Jumatatu yakaenea kwamba Mishi amefukuzwa kwa wizi wa vipuri, na kweli hakuna yadi iliyonifungulia.

Nilitia sahihi maelezo yangu kwa ajili ya kesi ambayo Mzee Kitsao alimfungulia Salmin. Mwanasheria wake alinionya kwamba sahihi ile inanifunga na mimi. Nikaitia. Hakimu alinikemea mbele ya watu kabla hajamgeukia Salmin, na alikuwa na haki. Nilisimama wima akinikemea. Kukemewa kwa jambo ulilolifanya ni afadhali mara elfu kuliko kusifiwa kwa jambo ulilolificha, na mimi nimepata yote mawili, nazungumza kwa kujua. Mwishowe Salmin aliamriwa kugharamia matibabu na vipuri vyote vya gari. Mzee alitakiwa kumtaja fundi wa kulitengeneza. Akanitaja mimi.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu mimi pekee ninajua kila mahali nilipodanganya.

Lile ndilo gari jeusi unalolikumbuka, lililokaa miezi minne uani kwetu Bombolulu, tulikohamia baada ya mimi kutoka yadini. Ulikuwa darasa la sita. Viti vyake vya ngozi nilivipanga barazani, ukawa ukitoka shule unakalia kimoja kufanya hesabu, na Mzee Kitsao anakalia kingine akinitazama. Hukujua alikuwa akinikagua. Kila alasiri alikuja. Kila plagi niliyoifungua aliitaka aione, kabla na baada. Nilitoa zulia lote, sponji nikaichoma moto. Nyaya za sakafuni nilizikata mpaka nilipofikia shaba nyekundu safi, nikaunga nyingine kwa risasi ya kuyeyusha, uzi kwa uzi, kwa rangi zake. Kompyuta zilizokufa zilibadilishwa, zilizo hai niliziosha na kuzifanyia majaribio siku kadhaa. Mikanda ya viti iliyolowa ilibadilishwa. Na ile kompyuta ya mifuko ya hewa, ilipofika mpya, ile ya zamani niliiweka juu ya jiwe mbele ya Mzee nikaiponda kwa nyundo mpaka ikawa changarawe, ili asije fundi mwingine mwenye sifa zake akaitia kwenye gari la mtu mwingine. Taa nyekundu niliirudishia waya wake. Iliwaka, ikahesabu, ikazimika yenyewe. Mzee akaniambia niiwashe tena. Akaitazama mara saba.

Sikulipwa kwa kazi ile na sikutaka. Lakini usiniandikie utakatifu. Miaka miwili baada ya hapo nilikuwa nikitengeneza redio, pampu za visima na simu zilizoanguka chooni, na kuna siku nililia kwa hasira, si kwa toba. Nilikuwa namkasirikia kila mtu aliyekuwa bado ana chumba chenye jina lake mlangoni.

Na hapa pana kosa jingine, ambalo hakuna mahakama iliyoliona. Siku ile uliyorudishwa nyumbani kwa kumpiga mwenzako kwa ubao wa kuandikia. Ulikuja umechanika kola, hukutaka kusema kwa nini, nami nikakuchapa. Nikakuchapa kwa kupigana. Jioni mwalimu wako alinipigia akaniambia yule msichana alikuwa amekwambia mamako ni mwizi wa yadi. Nilikuja mlangoni mwako nikasimama. Ulikuwa umelala ama umejifanya umelala. Ningekuamsha nikakwambia yote haya, ungeelewa, ulikuwa mtoto wa kuelewa. Niliona haya. Ulipouliza kwa nini tulihama Changamwe nilikwambia kuna vumbi. Umeishi miaka kumi ukinitetea kwa ngumi bila kujua unatetea nini, na malipo yako yalikuwa fimbo. Nisamehe, Riziki. Naliandika kwa sababu nikilisema uso kwa uso utanikimbilia kunikumbatia kabla sijamaliza, na mimi nataka ulisikie mpaka mwisho.

Bi Dama mkono wake haukurudi. Vidole viwili havikunji. Hashoni tena, anafundisha wasichana kukata, ameketi kitini anaonyesha kwa mkono wa kushoto, na wanamwogopa na wanamaliza wakijua. Ukipita kwake ukamwamkia shikamoo anakuitikia vizuri, nawe umekuwa ukidhani ni rafiki yangu. Si rafiki yangu. Nikimsalimu ananijibu salamu, kamili, wala haongezi neno. Lile gari hakulipanda tena, hata lilipokamilika. Mzee aliliuza, na karatasi ya kwanza aliyopewa mnunuzi niliiandika mimi: gari hili lilizama majini, haya ndiyo yaliyobadilishwa, haya hayakubadilishwa, fundi ni fulani. Mnunuzi aliisoma, akafunua zulia mwenyewe, akanunua. Tangu hapo kila gari lililolowa ninalolitengeneza linatoka na karatasi ya namna hiyo. Nimepoteza wateja kwa karatasi hiyo. Waende. Wanaobaki wanatoka mpaka Malindi, na hapa mlangoni hakuna jina lolote, maana sikulihitaji tena.

Sasa wewe. Kazi yangu ilikuwa ya bisibisi, yako itakuwa ya kalamu. Huko Kisumu nako mvua zinanyesha na magari yanazama, na watakuletea yakiwa yameoshwa yakinukia waridi. Hawatakutisha, usingoje vitisho. Watakusifu. Watasema tumesikia kuna msichana wa pwani, mwerevu, anamaliza kazi haraka, si kama wale wazee wanaofunua kila kitu. Siku hiyo piga magoti, ufunue.

Wakikuudhi, waudhi. Wakikuhamisha, hamia. Wakikufukuza kwa sababu umekataa kutia sahihi, panda basi urudi hapa, mchana kweupe, uingie mtaani umeinua kichwa, na shangazi yako akianza kunong'ona nitamnyamazisha mimi. Sitakuuliza kwa nini hukuvumilia. Babako pia hatakuuliza. Juzi aliniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema, kwamba ile Jumamosi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya yadi, alikuja kunizuia, na aliponisikia nikitaja jina langu akabaki pale pale. Akasema hakujua kama alikuwa na hofu ama fahari. Nikamwambia na mimi sikujua.

Jambo la mwisho, kisha nifunge nikupelekee barua hii mkononi, uisome ukishapita Voi. Magari yangu yanasafiri. Iko siku litafika mbele yako gari ambalo mkono huu uliligusa, huenda la miaka ile ya yadi, ambalo halikurudi nilipowaita. Utaijua kazi yangu, mafundo yangu ya waya unayajua tangu utotoni. Usinionee huruma. Lifunue kama la mtu usiyemjua, andika kila kosa utakalolikuta, na pale panapotakiwa jina la fundi aliyefanya kosa hilo, liandike langu lote, kwa herufi zinazosomeka.

Mamako,
Mishi binti Ali